Mwaka wa Jabia Lisilopungua

Mwezi uliopita nilipanda boti kwenda Mbwajumali kwenye hitima ya Bwana Shee, ambaye nilimwita ami ingawa hatukuwa na damu moja. Wanawake tulikaa chumba cha ndani, sinia za wali zikipitishwa juu ya vichwa vyetu, na nyuma yangu wasichana wawili walikuwa wakinong'ona kwa sauti ile ya watu wanaodhani kunong'ona kunatosha. Mmoja aliuliza, "Ndiye huyu aliyeshikwa na halbadiri ya mai?" Mwenziwe akamjibu, "Ndiye. Miaka yote hiyo mdomo umepinda, Mngu amrehemu." Walikuwa wadogo hao. Mwaka ule wa mambo yenyewe nadhani walikuwa bado wanabebwa mgongoni. Nilikuwa na tonge mkononi, nikalirudisha siniani. Nilitaka kugeuka niwaambie walivyokosea, kisha nikajiuliza ninasema kwa ajili ya nani, ya marehemu au yangu, na nilipokuwa bado ninajiuliza, sinia ikaondoka. Basi naandika. Kusoma kwangu ni kwa kidato cha pili, na sikukimaliza, kwa hiyo yako mambo ambayo huenda nayaeleza kombo. Lakini nitajitahidi nisimwonee mtu, hata wale ambao moyo wangu ungependa kuwaonea.

Mwaka ule nilitoka Matondoni nikaenda kukaa Mbwajumali kwa sababu ya Mwalimu Mutua. Alikuwa mtu wa bara, Mkristo, mwalimu wa hesabu wa shule ya msingi, na alasiri alifundisha kompyuta wasichana tulioacha shule. Tulianza wengi. Wengine waliolewa, wengine walichoka, na kufikia kaskazi nilikuwa nimebaki peke yangu, nikikaa na mlango wazi ili watu wasiseme. Chumba kilikuwa stoo ya shule: masanduku ya chaki, mpira uliotoboka, ramani iliyoliwa na mchwa hadi nusu ya Afrika ikawa haipo. Kompyuta ilikuwa moja, ya Mwalimu mwenyewe, kibodi yake imekosa herufi kadhaa, nasi tulibonyeza vishimo. Sijapata kufundishwa na mtu mvumilivu kama yule. Nalisema hili mapema kwa makusudi, kwa sababu nitakayoyasema mbele yatakuwa machungu.

Mimi nililala nyumbani kwa ami Shee na mkewe, Bi Zena. Hawakuwa na watoto nyumbani. Chumba changu kilikuwa kando ya jiko, na asubuhi nilijua kumekucha kwa harufu ya mkate wa mofa na kwa kelele zao. Waligombana kila siku juu ya chumvi. "Shee, umemwaga chumvi yote kwenye samaki, wataka kuniua?" "Nikuue nipikiwe na nani?" Kisha wanacheka wote wawili, na mimi ukutani ninacheka peke yangu. Ami Shee ndiye aliyekuwa mtunza jabia la msikiti. Jabia, kwa asiyelijua, ni tangi kubwa lililojengwa chini kwa mawe na chokaa, la kukingia maji ya mvua. Lile la Mbwajumali ni wakfu. Aliyelitoa aliacha masharti mawili: maji yale ni ya kunywa tu, yasifanyiwe kazi nyingine, na kabla ya Ramadhani yasishuke chini ya nusu, ili waliofunga wafuturu kwa maji matamu. Kwa kazi nyingine kipo kisima, ambacho maji yake yana chumvi kidogo. Funguo ya kifuniko cha jabia alikuwa nayo ami Shee peke yake.

Mwalimu Mutua, kwa msaada wa wafadhili fulani, alitengeneza mtambo. Pampu ya jua, mabomba mawili, moja kutoka jabiani na moja kutoka kisimani, yakikutana kwenye bomba la nje ya msikiti ambapo watu waliteka. Katikati, ndani ya kisanduku cha plastiki, palikuwa na kompyuta ndogo kama kiberiti iliyoamua maji yatoke wapi: maji ya mvua yakiwa zaidi ya nusu, itoe ya mvua, la sivyo itoe ya kisima. Kifaa cha kupima kina kililiwa na chumvi mara mbili, Mwalimu akakiacha. Badala yake mtambo ulijihesabia: mvua ikinyesha tunauambia jabia limejaa, na kila lita inayopita bombani unaitoa wenyewe katika hesabu. Kiasi kilichobaki kilionekana kwenye kioo kidogo. Kazi yangu ilikuwa kukipangusa kioo kile na kuwajibu watu. Ami Shee aliambiwa asifungue kifuniko tena ila kwa dharura, maji yasiingie uchafu. Alikubali bila ubishi. Alifurahi, kwa kweli; magoti yalikuwa yakimuuma kuinama.

Basi kaskazi ikaingia, mvua ikakatika, na kioo hakikushuka. Siku zikapita, watu wanateka, kioo kinasema jabia limejaa. Mwanzo watu walishangaa, kisha wakaipatia ajabu ile jina. "Baraka," walisema. "Mai ya wakfu haya, yana mwenyewe." Wanawake walitoka mitaa ya mbali kuja kuteka, na wakisifu utamu wake. Bi Zena aliniambia tukimenya muhogo, "Nimeishi hapa tangu nilipoolewa, sijaona jabia likimaliza kaskazi hivi. Mwalimu wako ana mkono mwema, japo hasali." Mwalimu mwenyewe alipoambiwa habari ya baraka alicheka akasema pengine mvua ilikuwa nyingi kuliko alivyokadiria. Mimi nilidhani vivyo hivyo. Ami Shee naye alidhani vivyo hivyo, na hakuchungulia. Nalitia hili ili isionekane kwamba kulikuwa na mtu mmoja mwerevu ambaye hatukumsikiliza. Hakuwepo. Sote tulikunywa tukamshukuru Mungu.

Ramadhani ilikuwa imekaribia pampu ilipokoroma, ikavuta hewa, ikanyamaza. Wazee walikuja, kifuniko kikafunguliwa mbele ya watu, na chini kabisa palikuwa na tope na chura. Kioo bado kilisema limejaa. Maalim Bakari, imamu wa msikiti, mtu mpole asiyependa maneno mengi, alimuuliza Mwalimu, "Mtambo wasemaje?" Mwalimu akasema, "Mzee, kwa hesabu ya mashine hii maji ya jabia haikupita kwa bomba. Kama imeisha, imetokea juu." "Huenda mashine imekosea?" "Mashine haina sababu ya kudanganya, mzee." Alilisema kwa nia njema, akiwa na hakika. Juu maana yake ni kifuniko, na kifuniko maana yake ni funguo. Hakuna aliyemtazama ami Shee. Ningependa mmoja angalau angemtazama, amwambie, "Wewe!" naye akatae, tukaapishana, yakaisha. Lakini kule mtu mzima hatajwi kwa wizi hadharani. Wakaagana kwa heshima, wengine wakampa mkono.

Wakaamua kusoma halbadiri. Kwa asiyejua, ni dua inayosomwa kwa kutaja majina ya waliopigana vita vya Badri, dhidi ya mwizi asiyejulikana. Wanaoiamini husema humfuata alipo na kumwonyesha. Nayo yaogopwa. Kwa kawaida hutangazwa kwanza ili mwizi apate nafasi ya kurudisha, na Maalim Bakari alifanya hivyo, alitangaza Ijumaa, akarudia Ijumaa ya pili. Ami Shee alikuwa wa kwanza kuunga mkono. Aliketi ukumbini akila kunde akasema, "Na isomwe. Mwenye kula wakfu na apatwe." Bi Zena akamwambia, "Shee, watu wakuangalia wewe." Akajibu, "Wakiangalia, wataona nini? Sura yangu waijua." Ikasomwa, naye alikuwa katika wasomaji.

Haikupita wiki, aliamka asubuhi akashindwa kuvaa kikoi. Mkono wa kushoto haukumtii, mdomo umevutwa upande, maneno yanatoka kama mtu aliyejaza tende kinywani. Kiharusi. Daktari wa mji wa Amu alisema damu ilikuwa juu kwa muda mrefu, na mimi nilikumbuka ile chumvi. Lakini Mbwajumali hawakukumbuka chumvi. Hakuna aliyekuja kututukana. Walikuja na uji na mayai, wakamwombea, na walipokuwa wakitoka walitazamana. Kwenye foleni ya kisima nilisikia kwa masikio yangu: "Mkono wenyewe, waona? Ule wa kushoto, ndio alokuwa akiinulia kifuniko." Mwingine akasema, "Basi tusiseme, tusiseme, yashamfika." Bi Zena aliyasikia pia. Aliweka ndoo yake chini akasema, "Semeni! Mkinong'ona mwamuogopa nani, naye hawezi hata kuinuka?" Wakamnyamazia kwa adabu. Adabu ile ndiyo iliyomwumiza. Kutoka siku ile hakupika mofa tena mwaka wote ule. Tulikula mikate ya duka.

Katikati ya hayo yote nilikuwa bado naenda stoo kusoma, sijui kwa nini, labda kwa sababu nyumbani palikuwa pazito. Mwalimu alikuwa amenifikisha kwenye somo la kurudisha thamani na kurudisha rejeo. Alilieleza hivi: "Nikiwa na mbuzi na wewe uniombe, naweza kukupatia mbuzi ya kuchora kwa karatasi, ama nikupatie kamba ya mbuzi mwenyewe. Ukichinja ile ya karatasi, yangu iko tu kwa boma inakula. Ile ya karatasi ni thamani, nakala. Kamba ni rejeo." Kisha alinipa programu ya mtambo niisome kama mfano, kwa kuwa hakuwa na kitabu kingine. Kipande kilichochagua maji kilikuwa kifupi kuliko vyote:

Chombo chagua() {
return mvua.kiasi > nusu ? mvua : kisima;
}

Na chini yake, pale lita zilipotolewa katika hesabu:

chagua().punguza(lita);

Nilisoma nikaona vizuri. Alama ya kuuliza inauliza kama mvua imezidi nusu. Ndiyo, chukua mvua. Nukta mbili, la sivyo, chukua kisima. Kisha kilichochaguliwa, kipunguzie lita. Lakini lile neno Chombo mwanzoni lilinisumbua. Mwalimu alikuwa amesema kwamba ukitaka kurudisha kamba, sharti baada ya neno lile utie alama ya &. Hapa haikuwapo. Nilidhani mimi ndiye sielewi, kwa sababu mara nyingi ni mimi. Nikafikiri labda lile swali lenyewe latosha, maana Mwalimu alisema swali la namna ile, vitu vikiwa viwili vya aina moja, hukupa kitu chenyewe. Ni kweli hukupa. Kosa halikuwa kwenye kuuliza. Swali lilichagua jabia lenyewe, sawasawa, kisha pale mlangoni pa kutokea likageuzwa nakala, na nakala ndiyo iliyopunguziwa lita, halafu ikatupwa. Kompyuta haikulalamika, kwa kuwa kuchinja mbuzi wa karatasi si kosa la lugha. Niliandika amri ya kuonyesha kiasi kabla na baada. Kabla: limejaa. Baada: limejaa. Nikarudia. Limejaa. Basi mtambo ulikuwa ukiuliza kila mara, na kila mara ukijibiwa kwamba mvua imezidi nusu, ukatoa ya mvua, ya mvua, ya mvua, na kisima hakikuguswa kaskazi nzima. Hakuna aliyeiba. Tuliyanywa sisi, mji mzima, mbele ya kila mtu, tukiyasifu.

Mwalimu Mutua alikuwa akisahihisha madaftari dirishani. Nilimwita, akaja, akasoma, akakaa juu ya sanduku la chaki. Uso wake uliingia majivu. Kisha aliinuka akaitia ile alama, moja tu, akaendesha programu, na kiasi kikashuka. "Woi," alisema. "Woi, Mwanaesha." Nikamwambia twende kwa Maalim sasa hivi. Akasema, "Ngoja. Nikienda mimi, mtu wa bara, Mkristo, niambie wazee ati dua yao imeshika mtu hana makosa, unajua watasikia nini? Watasikia namtukana Mungu wao. Na hii mashine wataing'oa, na watu wa Kiwayu wanangojea mashine yao." Nikamwuliza, "Na ami Shee?" Akasema, "Mzee Shee ni mgonjwa wa damu. Hiyo si mimi nilimpea." Hilo nalo lilikuwa kweli. Nimelipima miaka mingi neno lile na kila nikilipima linatoka kweli, na kila likitoka kweli ninamchukia zaidi, kisha ninakumbuka alivyonifundisha kwa subira na kibodi ile yenye vishimo, na kwamba kazi inayonilisha leo ni ya mkono wake. Kwa haki yake niseme pia kwamba kesho yake alikuja mwenyewe mlangoni kwa ami Shee akaniambia, "Haya, twende." Alikuwa hajalala, nilivyomwona.

Maalim Bakari alitupokea barazani kwake, akatupa kahawa. Mwalimu alieleza, nami nikaongezea pale aliposhindwa maneno. Maalim hakukasirika. Alisikiliza hadi mwisho, akauliza maswali ya maana, akasema, "Kwa hivyo hapakuwa na mwizi." "Hapakuwa, Maalim." "Basi dua haikumshika mtu. Dua ni ya mwizi. Kama hakuna mwizi, imerudi ilikotoka, na maradhi ya Shee ni maradhi kama ya mtu yeyote." Moyo wangu ukafunguka. Nikasema, "Basi uyatangaze Ijumaa, Maalim, useme ami Shee hana hatia." Akaniangalia kwa huruma ambayo sijaisahau. "Mwanangu, mtambo nitautangaza. Lakini Shee nimtangaze vipi? Ni nani aliyemshitaki? Mimi sikumtaja. Wazee hawakumtaja. Nikisimama mimbarini niseme Shee hana hatia, ndipo itakapokuwa msikiti umemtaja." Nimewahi kufikiri kwamba aliogopa, kisha nikafikiri kwamba alikuwa na akili kuliko sisi, na siku nyingine nafikiri yote mawili.

Alitimiza ahadi. Ijumaa alisema wazi kwamba mtambo ulikosea hesabu, maji yalitoka bombani, na watu wasidhaniane ubaya. Walisikia. Walitikisa vichwa. Jumamosi nilikuwa kisimani. Mwanamke mmoja, jirani mwema, aliyekuwa akituletea uji, alinisogelea akasema, "Alhamdulillahi, kumbe ni mashine." Nikamwambia, "Waona basi? Ami Shee wa watu." Akainamisha kichwa, akafunga kamba ya ndoo yake polepole. "Naona, mwanangu. Lakini nambie wewe ulosoma. Kama ni mashine, ule mdomo umepindishwa na nini?" Hakuwa na kejeli. Aliuliza kama mtu anayetaka kujua. Nilimweleza habari ya damu na chumvi. Akasema, "Mh." Ndoo ikajaa, akaondoka. Nami nilijua kwamba tumesahihisha kitu fulani mbele ya watu, na kwamba hicho tulichosahihisha hakikuwa ami Shee.

Nikabaki na tumaini moja. Nilisema moyoni, kama mji hautaki, yeye mwenyewe angalau ajue. Nilikuwa sijamwambia. Bi Zena alikuwa amekataza asitikiswe mpaka apate nguvu. Baada ya Idi aliweza kuketi, akaegemezwa mito, na maneno yake yalianza kufahamika ukizoea. Nilikaa chini karibu na kitanda. Bi Zena alikuwa amesimama na sufuria ya mchuzi wa samaki usio na chumvi, anasubiri upoe. Nikamwambia yote, kwa maneno mepesi: mashine ilikosea, hakuna aliyeiba, Maalim ameshatangaza. Nikasema, "Ami, wewe huna hatia. Si wewe."

Alinitazama. Jicho moja lilikuwa likitoa machozi, lakini lilikuwa likitoa kila siku, kwa hiyo sitasema alilia. Akasema, "Mimi nlichukua." Nilidhani hakunielewa, nikaanza tena. Akainua mkono wake mzima kunizuia. "Nlichukua. Zamani, kabla ya mtambo. Zena alishikwa na homa, mwili moto, kisima kimekauka. Nkafungua, nkateka mtungi. Nkamuogesha." Akapumua. "Mai ya kunywa. Nkamuogesha nayo. Nlipolala hapa nkatafuta nilichoiba, nkatafuta mwezi mzima, nkakiona ni hicho. Nimetubia kwacho. Nimepata raha." Sufuria ilikuwa mikononi mwa Bi Zena, na mchuzi ulikuwa umeshapoa.

Nikamwambia, "Ami, si kwa hilo. Ni damu tu. Haina sababu."

"Haina sababu," alirudia, polepole, kama anayeonja. Kisha akaniuliza, "Kama si hilo, Mwanaesha, mbona mimi?"

Niligeuka kwa Bi Zena anisaidie. Alikuwa ameangalia ukuta. Akasema kwa sauti ndogo ambayo sikuwahi kuisikia kwake, "Muachie, mwanangu. Muachie na lake."

Ami Shee alikuwa akinisubiri, mdomo wake umepinda, ule mkono mzima umeushika ule mwingine. Nikamwambia, "Haya, ami. Ni hilo."

Akafumba macho. Bi Zena akaketi ukingoni mwa kitanda akaanza kumlisha, kijiko kwa kijiko, na kila kijiko alikipuliza, ingawa mchuzi ulikuwa baridi.